Uso Fanta, vidole Coca: miaka yangu minne ya mkorogo

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, naolewa mwezi wa kumi na mbili na mawifi zangu wote ni weupe. Nipake nini nitakate haraka bila madhara?" Niliisoma ile meseji kwenye daladala ya Mbagala mpaka nikapitilizwa kituo. Swali hilo niliwahi kuuliza mimi, karibu kwa maneno hayohayo, kwa mama mmoja muuza vipodozi kule Tandika.

Nilikuwa na miaka 22, nauza vitenge Kariakoo. Mimi si maji ya kunde, ni mweusi tii kama marehemu baba. Wateja walikuwa wanamwita mwenzangu "mrembo", mimi "we mweusi, hebu nishushie ile ya bluu". Hayo niliyazoea. Aliyenimaliza ni shangazi. Kwenye sendofu ya binamu yangu, mpiga picha anatupanga, akasema mbele za watu: "Huyo mwekeni nyuma, atatuharibia picha." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaenda nyuma.

Jumatatu nilikuwa Tandika. Yule mama alinichanganyia mkorogo hapohapo kwenye beseni: losheni, tyubu mbili za krimu, na kitu cheupe ambacho hakukitaja jina. Kikopo elfu tano. Haukupita mwezi, na mimi nikaanza kuitwa mrembo. Siwadanganyi, nilifurahi mno. Nilijipiga picha mpaka simu ikajaa.

Shida ikawa vidole. Uso unakubali, mgongo unakubali, ila sugu za vidole na viwiko zinagoma. Siku moja nampa konda nauli, akautazama mkono wangu, akapaza sauti: "Uso Fanta, vidole Coca!" Gari zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo nikawa natoa nauli nimekunja ngumi, kama mtu anayeficha kete.

Mwaka wa nne nikifunua sufuria, mvuke tu unanichoma uso. Nikijikata kidogo na kisu, kidonda hakifungi. Mapaja yakajaa michirizi. Nikakitupa kikopo kwa hasira, na hapo ndipo nilipokosea: uso ulivimba, ukawa mwekundu, usiku silali kwa kuwashwa. Daktari wa ngozi ndiye aliyenifungua macho. Michanganyiko hii mara nyingi ina steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho, ngozi inazizoea, ukiacha ghafla inalipuka. Mingine ina haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, mingine zebaki, na zebaki haiishii kwenye ngozi, inafika mpaka kwenye figo. Serikali imevipiga marufuku vipodozi vya namna hiyo. Sasa mnaelewa kwa nini tunauziwa kwenye vikopo visivyo na lebo.

Kwa hiyo, mdogo wangu bibi harusi, ushauri wangu: usianze. Kama umeshaanza, acha, ila uachie kwa daktari, na kikopo chako ukibebe akakione. Usione aibu, wamekwishaona vingi. Nasema tena, acha. Sisi tunaohangaika mjini hapa, tunaotaka fremu zetu wenyewe na heshima zetu, hela ya mtaji tunaipaka usoni! Mungu hakukosea kukuumba. Na huyo mume, kama kampenda wa kwenye kikopo, kikopo kikiisha ataishi na nani? Jipende. Najua ni neno jepesi kuliandika. Mimi lilinichukua zaidi ya mwaka, na sehemu kubwa ya mwaka huo niliipitisha nimejifunga mtandio.

Rangi yangu imerudi, ingawa si yote, mashavuni kuna mabaka. Jumamosi iliyopita tulikuwa na sendofu nyingine ya ukoo. Mpiga picha alipoanza kutupanga, nilikwenda mbele bila kuitwa. Shangazi akanisogelea, akanishika kidevu: "Mwanangu, mbona umeharibika hivi? Ulikuwa umeshaanza kutakata."

Nikamwambia, "Shikamoo shangazi."

Akaitikia marahaba. Picha ikapigwa, mimi nikiwa palepale mbele.