Kipoza oili kwenye Subaru, na ile presha mnayoogopa

Kuna mdau yuko Mbeya kanitumia meseji, kafunga kipoza oili kwenye Forester yake ya tabo na sasa injini ikishapata moto, akisimama kwenye foleni taa ya oili inawakawaka. Anauliza akitoe? Kaka, usikitoe bado, ila gari iache hapo hapo ilipo, usiende nayo hata dukani.

Hii mada inaniuma kwa sababu nilichekwa nayo. Impreza yangu ina injini ya EJ20 ya tabo, na ukipanda Kitonga, ule mlima wa Iringa, kwa mwendo unaoeleweka (wewe unayesoma hapa najua hukai nyuma ya malori kwa hiari yako) joto la oili lilikuwa linafika nyuzi 125. Kile kipoza cha kiwandani kinachokaa kwenye filta kinapoozwa na maji ya rejeta, sasa maji yenyewe yakiwa moto unategemea nini? Nikaenda gereji moja hapa Dar, fundi akanijibu mbele ya watu kwamba nikifunga kipoza cha nje, kile kinachopozwa na upepo, presha ya oili inakufa na injini itanoki, nimezidi kuangalia YouTube. Watu wakacheka. Mpaka leo nikipita pale sisalimii, wacha niseme ukweli.

Alikuwa na nusu ya hoja. Pampu inasukuma oili na kila penye njia nyembamba presha inapungua, beringi zinapata kile kilichobaki. Kwa hiyo kazi yote ni njia. Nilichukua cha sahani zilizopangana, mistari 19, oili inagawanyika inapita sahani zote kwa pamoja, siyo vile vya bomba moja linalojizungusha weee mpaka mwisho. Hosi za saizi AN-10, tundu la ndani linakaribia milimita 14. AN-8 ni kama 11, ni rahisi ndo maana ukiuliza bei unapewa hiyo. Elbo zile za kona kali usinunue, chukua zilizopinda taratibu. Njia, njia, njia. Adapta ya filta, kile kipande cha kati ya injini na filta ambacho hosi zinafungwa, iwe na themostati ya nyuzi 80 hivi, yaani kilango kinachofungulia njia ya kipoza oili ikishapata moto, asubuhi oili ni nzito haina haja ya kulazimishwa kupita huko, halafu oili isiyopata moto vizuri inatunza unyevu. Na bolti ya adapta, uzi wa Subaru ni M20x1.5, Toyota nyingi ni inchi robo tatu, usilazimishe.

Kufunga kwenyewe hakuna maajabu, matundu yaangalie juu ili hewa itoke, hosi zisiguse mkanda wala egzosi. Kabla ya kuwasha chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata mpaka geji ionyeshe presha, ndo urudishe, uwashe, uzime, uongeze oili maana kipoza na hosi vimekunywa yao.

Majibu? Kabla, ikiwa moto kwenye RPM 3,000 (mizunguko ya injini kwa dakika) nilikuwa napata presha ya psi 48. Baada ya kufunga, 52, na Kitonga joto haligusi 110. Presha IMEPANDA, kwa sababu oili isiyopata moto kupita kiasi inabaki nzito. Yule fundi natamani aisome hii.

Lakini nilipima kabla, na hapa ndo vijana wenzangu mnaponikera, mnanunua vitu vinavyong'aa mbele ya bampa na geji hamna. Utajuaje umepoteza kitu ambacho hukuwahi kukipima? Jamani tuheshimu injini. Na kipoza used kilichotoka kwenye injini iliyonoki hata ukipewa bure kataa, chenga za chuma zinabaki humo ndani na huoshi zikaisha.

Sasa wewe wa Mbeya. Angalia stiki ya oili kwanza, inawezekana hukuongeza oili. Azima geji ya mkono, ifunge pale inapokaa sensa ya taa, siyo kwenye adapta maana huko inaweza kusoma kabla oili haijapita kipozani ikakudanganya. Iwashe hapo hapo ilipo, ipate moto, soma kwenye sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) na kwenye RPM 3,000. Kipimo cha mtaani ni psi 10 kwa kila RPM 1,000, ikishuka sana kwenye sailensi zima hapo hapo. Halafu toa adapta, rudisha filta moja kwa moja, soma tena. Isipobadilika, kipoza hakina kesi, pampu au beringi zilishachoka zamani. Ikipanda, nitumie picha ya hosi na elbo zako.