Wasomaji Wanauliza: Mguu Umekatwa, Tufanyeje?

Barua za safari hii zinahusu watu waliokatwa mguu kwa ugonjwa, si kwa ajali. Aliyegongwa na gari akishapona jeraha, kwa kawaida amepona. Mwenye kisukari anauguza kidonda huku ugonjwa uliomla mguu wa kwanza bado anao. Majibu yametolewa na mafundi wa viungo bandia na wataalamu wa mazoezi ya viungo.

Mume wangu ana miaka 58 na ana kisukari. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti wiki tatu zilizopita. Nyumbani tumemwekea mto chini ya goti apumzike vizuri. Lini atapata mguu bandia, na kwa sasa tufanye nini?
*Mama S., Mbale*

Mama, ondoa huo mto leo. Goti likilala limekunjwa, misuli ya nyuma hukaza, na baada ya wiki kadhaa halinyooki tena. Hapo fundi atahangaika na mguu bandia, na mgonjwa bado atatembea nusu amechuchumaa. Alale gutu (kipande cha mguu kilichobaki baada ya kukatwa) limenyooka. Akiketi, mwekee stuli ya urefu sawa na kiti ili lisining'inie. Mara mbili au tatu kwa siku alale kifudifudi dakika 20 hadi 30 ili na nyonga inyooke. Akitumia magongo, asiegemeze gutu kwenye mshikio wa gongo, maana ni kukunja goti kulekule.

Kisha bendeji. Muulize muuguzi kwanza kama mshono na mzunguko wa damu vinaruhusu. Akikubali, tafuta bendeji ya kuvutika yenye upana wa sentimita 10. Anzia kwenye ncha ya gutu, pandisha kwa mshazari ukipishanisha kwa umbo la namba 8 hadi juu ya goti. Kaza zaidi chini na legeza kadiri unavyopanda. Ukizungusha kama pete utabana damu, ncha itavimba na gutu litapata kiuno kama kibuyu, wala halitaingia kwenye soketi, yaani kikombe cha mguu bandia kinachopokea gutu. Fungua na kufunga upya kila baada ya saa nne hivi. Likianza kudunda au ngozi ikibadilika rangi, fungua mara moja. Kwa kuwa kisukari huua hisia, usingoje alalamike; tazama ngozi kwa macho yako.

Mguu wenyewe? Kwa kawaida kipimo cha plasta (umbo la gutu kwa ajili ya kutengenezea soketi) huchukuliwa wiki 6 hadi 12 baada ya upasuaji, kidonda kikiwa kimefunga na uvimbe umetulia. Sukari ikiwa juu, kidonda huchelewa na kila kitu huchelewa nacho. Hamna haja ya kupanda basi hadi Kampala kwa hilo, kwani hospitali ya rufaa ya Mbale ina karakana ya viungo bandia. Nendeni mapema mkaulize bei na vifaa vilivyopo. Vifaa vikiisha, foleni husimama.

Kwa maoni yetu, mguu wa kuhofia zaidi ni ule uliobaki. Sasa unabeba mwili mzima, na ulikuwa na kisukari hichohicho. Kila jioni ukague kwa tochi: kisigino, wayo, katikati ya vidole. Akitaka kujikagua mwenyewe, aweke kioo sakafuni. Asitembee peku hata ndani ya nyumba, asipime maji ya moto kwa mguu (apime kwa kiwiko), asikate sugu kwa wembe, na kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kidonda kidogo ni cha kupelekwa kliniki siku hiyohiyo, si cha kuwekewa majani.

Tena kutembea na mguu bandia kunakula nguvu kuliko kutembea kwa kawaida. Kama anachoma insulini au anameza glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari), sukari inaweza kushuka ghafla siku za mazoezi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Awe na soda yenye sukari karibu, na daktari aangalie upya kipimo cha dawa.

Hukuuliza kuhusu choo, lakini ndicho kinachowaangusha wengi. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai. Mwambie mchomeleaji atengeneze kiti cha chuma cha urefu wa sentimita 45 hivi, chenye tundu katikati na raba kwenye miguu yote minne, kikae juu ya shimo. Pigilia nguzo ya kushikia ukutani upande wa mguu mzima. Usiku wa mvua atumie ndoo chumbani. Hakuna aibu hapo.

Nilipoteza mguu wa kushoto chini ya goti baada ya maambukizi kuingia kwenye damu. Mguu bandia ulinikaa barabara, lakini sasa, baada ya miezi mitano, unapwaya na unaniumiza chini ya goti. Nikivaa viatu vya kisigino, goti linasukumwa mbele. Nimeamua kuuacha. Je, naweza kurudi kwenye cherehani yangu ya kukanyaga?
*A., fundi wa nguo, Gulu*

Dada, mguu haujaharibika. Gutu lako limepungua, na mwaka wa kwanza karibu kila gutu hupungua. Dawa ya kwanza ni soksi za gutu, zile zinazovaliwa juu ya gutu ndani ya soketi. Ongeza moja nyembamba, tembea dakika kumi, vua, tazama. Gutu likizama mno, utaumia chini ya kifuniko cha goti na ncha itagonga chini ya soketi. Soksi zikizidi, gutu halifiki mahali pake na utajihisi mrefu upande huo. Asubuhi gutu huwa nene kuliko jioni, kwa hiyo tembea na soksi ya akiba kwenye mkoba. Usijaze vitambaa wala sponji ya godoro: hujikunja, na kila mkunjo ni kidonda. Ukifika soksi nne au tano nene bado unapwaya, unahitaji soketi mpya. Karakana ipo hapohapo kwenye hospitali ya rufaa ya Gulu.

Ukianza tena kuvaa, vaa nusu saa, kisha kagua ngozi. Wekundu unaotoweka ndani ya dakika 10 hadi 15 si neno. Usiotoweka, au malengelenge, vua na urudi kwa fundi. Osha gutu jioni, si asubuhi, maana ngozi yenye unyevunyevu huvimba na kunata. Usipake mafuta kabla ya kuvaa. Soksi zifuliwe kila siku, na soketi ipanguswe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo.

Kuhusu viatu: mguu bandia hupangwa kulingana na kiatu ulichokwenda nacho siku ya kupimwa. Kisigino kikizidi, goti husukumwa mbele. Ukivaa kandambili, goti hurudishwa nyuma, na ndiyo sababu wengi huhisi kama wanapanda mlima wakiwa kwenye barabara tambarare. Chagua urefu mmoja wa kisigino na ukae nao. Kiatu bapa kiwekewe kipande cha raba ndani, chini ya kisigino.

Cherehani unaiweza. Mguu wa kulia peke yake unatosha kuendesha ubao: uweke katikati, kidogo kwa mshazari, kisigino na vidole vibonyeze kwa zamu. Mguu bandia ukae sakafuni pembeni. Inua stuli kidogo ili goti la kushoto lisikunjike sana, na kila nusu saa linyooshe.

Mguu ulikatwa mwezi uliopita, lakini usiku vidole vyake vinawasha na kuchoma. Majirani wanasema ulizikwa vibaya.
*Mzee B., Kasese*

Mzee, waache majirani. Neva (mishipa ya fahamu) zilizokatwa bado zinatuma habari, na ubongo bado una ramani ya mguu mzima. Panadol haisaidii sana hapa. Kidonda kikishafunga, papasa gutu kwa kitambaa laini, kisha kigumu kidogo, dakika tano mara kadhaa kwa siku. Jaribu pia kioo kirefu: kisimamishe katikati ya mapaja, utazame taswira ya mguu mzima, uuchezeshe polepole kwa dakika 15. Ukisikia kizunguzungu, acha. Daktari anaweza kukupa amitriptyline, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, kiasi kidogo usiku, lakini mwambie kwanza kama una shida ya moyo au ya kukojoa, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuzizidisha. Kama kinachouma ni gutu lenyewe, lina joto au linatoa usaha, hiyo ni habari nyingine, nenda hospitali.

Binti yetu wa miaka 9 alikatwa juu ya goti kwa saratani ya mfupa. Matibabu yamekwisha. Mguu bandia utamtosha mpaka lini?
*Wazazi, Wakiso*

Hesabuni mwaka mmoja hivi, pengine pungufu. Mguu mzima utakua, ilhali paja lililokatwa limepoteza sehemu ya chini ya mfupa ambako ndiko ukuaji mwingi wa paja hufanyika. Kila baada ya miezi mitatu msimamisheni wima, mguu bandia ukiwa umevaliwa, mweke mikono juu ya mifupa ya nyonga. Upande mmoja ukiwa chini, fundi arefushe bomba (chuma kinachounganisha sehemu za mguu bandia) kabla mgongo haujapinda. Hospitali ya CoRSU ya Kisubi na kituo cha watoto wenye ulemavu cha Katalemwa Cheshire Home wana uzoefu na watoto.

Mwacheni acheze na wenzake. Mwalimu apewe soksi mbili za akiba na aelezwe kuwa mtoto akisema soketi inauma, avue saa hiyohiyo, si baada ya kengele. Na tarehe za kurudi Taasisi ya Saratani kupigwa picha ya kifua zisirukwe hata kama anakimbia vizuri, kwa kuwa saratani hii ikirudi, mara nyingi huanzia kwenye mapafu.