Usiache kwenye sindano ya 5! Niliacha mimi, nikaanza upya

Dada, usighairi miadi ya wiki ijayo. Umesema umeshachomwa sindano 5 za kifundo cha mguu, zile za kupitisha umeme wa kutuliza kibofu, mkojo bado unakubana ghafla na kukuponyoka, na huoni tofauti. Huioni kwa kupima au kwa kuhisi?

Mimi nilikwenda kwa kuhisi. Aliyekuwa akinihudumia aliniambia nikifika sindano ya 4 bila nafuu, basi mwili wangu umekataa. Umekataa nini! Matibabu haya ni wiki 12, kila wiki mara moja, dakika 30 za umeme mdogo kwenye neva inayopita kifundoni, na wengi nafuu huwajia baada ya wiki ya 6 au zaidi. Kazi yake ilikuwa kulijua hilo. Hadi leo nikimkumbuka damu inanichemka. Wala hakuwahi kuniambia niandike daftari la mkojo. Nikaacha. Miezi 8 nikarudi kwenye pedi, nikakwepa safari, harusi, hata misiba ya watu wangu wa karibu, na kila nilipoingia mahali macho yalitangulia kuutafuta mlango wa choo.

Mtaalamu wa pili alinipa karatasi kabla ya sindano. Siku 3 mfululizo niandike nimekunywa nini na kiasi gani, nimekwenda haja ndogo saa ngapi, mkojo umefika wapi kwenye kikombe cha kupimia, umeniponyoka mara ngapi. Nilipata mara 14 kwa siku, 4 kati ya hizo usiku, na kuponyokwa mara 5. Tukaanza tena na sindano ya 1. Nilipofika ya 6 ningeapa hakuna kilichobadilika, ila daftari lilionyesha usiku naamka mara 3 na naponyokwa mara 3. Nafuu ya namna hiyo huwezi kuihisi, maana nguo bado zinalowa! Ya 12 ilinikuta kwenye mara 8, usiku 1, na siku mbili kati ya tatu nilikuwa mkavu kabisa.

Hesabu ya mwanzo imeshakupita, basi anza sasa, urudie wiki ya 9 na ya 12. Na wakiwasha umeme, angalia kidole gumba cha mguu kama kinajikunja, au unyayo kama unakuchezacheza. Ndivyo wanavyojua neva imepatikana.

Kuhusu kile kifaa cha kupandikizwa juu ya tako, kinachopeleka umeme mdogo kwenye neva za kibofu: huko nako unajaribiwa kwanza kwa waya wa muda, na kinachoamua kama utawekewa ni daftari hilihili, dalili zipungue angalau nusu. Kwa hiyo ukikimbia sindano ukaenda huko, utalikuta linakusubiri mlangoni.

Miadi ni siku gani? Kama zimebaki siku 3, tafuta kikombe cha kupimia leo.