N200 mbili zimekufa kwa mwaka na nusu: ninunue tena au nihamie lithiamu?

Mkuu, umeuliza kama urudie N200 mbili (zile betri za risasi za volti 12, ampia-saa yaani Ah 200) za sola au ujikaze ununue lithiamu, maana zako zimekata moto ndani ya mwaka na nusu na fundi anadai "mlizitumia sana". Mdau mmoja hapo juu kakujibu kwamba lithiamu ni mchezo wa watoto, utafute N200 halisi. Mimi nina duka na kisaluni huku Kilwa, natumia sola tangu 2016, na nimeshazika betri nne za risasi.

Fundi wako kakosea. Betri ya risasi ikipewa haki yake inatumika vizuri tu. Kinachoiua mapema ni kulala njaa. Ukiinyonya usiku halafu mchana isijae mpaka juu, bamba zake zinaota chumvi nyeupe, na chumvi ile ikishakomaa haitoki tena. Sasa betri hii inakula haraka mpaka kama asilimia 80, baada ya hapo inaanza kudonoa. Ile 20 ya mwisho inataka masaa, na jua la maana unalo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi, tena siku isiyo na mawingu, na friji nayo inakula humo humo. Masika nzima zangu hazikuonja kujaa. Mwezi wa tano nikafungua vifuniko nikamulika na tochi ya simu: bamba zimepauka kama zimepakwa chokaa. Mita inasoma volti 12.6, safi kabisa. Friji ikistuka tu, inaporomoka mpaka 10.9. Maiti iliyofumbua macho.

Joto nalo. Wanaozitengeneza wanahesabu nyuzi 25; kila zikizidi 10 hapo, umri unakatika karibu nusu. Mimi nilizipanga chumba cha bati, ukutani upande wa magharibi. Halafu N200 nyingi zinazouzwa madukani ni betri za kuwashia lori. Bamba zake ni nyembamba, kazi yake ni kutoa ampia nyingi kwa sekunde chache kisha alternata iijaze. Sisi tunaipa TV, friji na taa nane usiku kucha.

Hesabu yako ifanye kwa uniti (kilowati-saa), hizi hizi za LUKU. N200 mbili kwa volti 24 zina uniti 4.8 kwenye karatasi. Ukitaka zidumu usivuke nusu, kwa hiyo mkononi una 2.4. Lithiamu ya volti 25.6 yenye Ah 100 ina uniti 2.56, na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza. Tofauti ni ndogo! Watu wanaona 100 kwa 200 wanadhani wanapunjwa. Juu ya hapo, umeme unaoingia kwenye risasi unapotea karibu sehemu moja ya tano kabla hujautumia. Kwenye lithiamu unapotea kidogo sana. Na la muhimu kwa mtu wa masika kama wewe, lithiamu haijali kulala nusu tumbo. Hata wiki nzima isipojaa, haioti chumvi. Risasi ikinyonywa sana kila usiku inakupa mizunguko mia kadhaa, hii ya lithiamu inakwenda maelfu.

Nasema lithiamu nikiwa na maana ya ile ya chuma na fosfeti, imeandikwa LiFePO4. Haina kobalti wala nikeli, na ni ngumu kushika moto kuliko zenye vitu hivyo. Ule moto wa Januari 2025 kwenye ghala la betri la Moss Landing, California, ulikuwa wa aina ya nikeli na kobalti. Kuhusu mchezo wa watoto: Australia Kusini walifunga lithiamu (si lazima ya aina hii ya fosfeti) ya megawati 100 pale Hornsdale mwaka 2017, na 2020 wakaiongeza ikafika 150. Na bei, wastani wa dunia kwa uniti moja ya betri ya lithiamu ulikuwa zaidi ya dola 1,000 mwaka 2010. 2024 ulikuwa kama dola 115. Dukani kwetu hutaipata kwa hiyo, lakini mimi nilitoa kama mara mbili ya bei ya N200 mbili, na huu ni mwaka wa nne.

Sasa kosa langu, usilirudie. Nilichomoa risasi nikachomeka lithiamu, kontrola (kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri) nikaiacha na mipangilio yake ya zamani. Kontrola za risasi zina tabia ya kupandisha volti mara moja moja ili kusafisha bamba. Jumapili moja saa sita mchana, jua linachoma, mteja yuko kitini nusu kichwa kimenyolewa, kila kitu kikazima. Bodi ya ulinzi iliyomo ndani ya lithiamu iliona volti zimezidi ikajitenga, kontrola ikabaki na paneli bila betri, ikatoa harufu ya plastiki na haikuwaka tena. Yule mteja nilimmalizia kwa mkasi. Kwa betri ya 25.6 weka kikomo cha kuchaji volti 28.4, zima kabisa ile ya kusafisha, inveta ikate kwenye 24. Kama kontrola yako haikubali kubadilishwa, weka bajeti ya nyingine. Na usiamini volti kukuambia imebaki kiasi gani. Lithiamu inakaa kwenye volti zilezile karibu safari nzima kisha inaanguka ghafla. Funga kifaa cha kuhesabu ampia.

Kuna feki pia. Jirani alinunua boksi la "12V 200Ah", nikalinyanyua kwa mkono mmoja, halifiki kilo saba. La kweli la ukubwa huo huwa kama kilo 20. Tulipofungua tukakuta vijibetri vya laptop vilivyochomelewa, na nafasi iliyobaki sponji.

Zile N200 zako zilizokufa usimwachie mtoto wa chuma chakavu azimwage asidi nyuma ya nyumba. Owino Uhuru pale Mombasa watu walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Zipeleke nzima kwa muuzaji, wengine wanakukatia kwenye bei.

Kabla hujalipa, weka hapa picha ya kontrola na wati za paneli zako. Kama una paneli moja ya 150 na friji, basi hata lithiamu italala njaa, tuanze na paneli kwanza.