Utaifa Zanzibar: tuanze kuhesabu kutoka wapi?

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Pemba. Skuli tunasomeshwa kwamba utaifa ulianza na vyama vya siasa miaka ya 1950. Babu anasema watu walikuwa wameshachachamaa zamani. Nimfuate nani?

JIBU: Waalaykumu s-salaam, mwanangu. Mimi niko upande wa babu.

Vyama havikuzua hasira, viliikuta. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge pembeni mwa Mji Mkongwe, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandarini waligoma, na mgomo ukaenea mjini. Lakini kisa ninachopenda kukisomesha ni Vita vya Ng'ombe vya Kiembe Samaki, kijiji karibu na mji wa Unguja. Serikali ilikwishachukua ardhi za wakulima kwa ajili ya kiwanja cha ndege, kisha ikaja na amri ya kuchanja ng'ombe kwa lazima dhidi ya kimeta. Wakakataa. Aliyekutwalia konde lako, utamwaminije na sindano yake? Wakashitakiwa, na tarehe 30 Julai 1951 wenzao walipojaribu kuwaokoa, polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Katika vuguvugu la wakulima hao kikazaliwa chama cha raia wa Sultani, ambacho mwaka 1955 kiligeuka kuwa Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party (ZNP). Naam, Hizbu hiyohiyo ambayo wapinzani wake waliiita chama cha Waarabu!

Sasa kwa nini tukagawanyika? Waingereza walitawala watu kwa mafungu. Katika Baraza la Kutunga Sheria la 1926 wajumbe wasio maofisa wa serikali walikuwa Waarabu, Wahindi na Mzungu. Mwafrika wa kwanza aliingia miaka ya 1940. Hata mgao wa chakula wakati wa Vita Kuu ya Pili ulifuata kabila uliloandikiwa. Ukitaka kusikilizwa, ulipitia jumuiya ya kabila lako: ya Waarabu, ya Wahindi, African Association ya 1934, au ile ya Washirazi, wenyeji wanaojinasibisha na Shiraz ya Uajemi, iliyoanzia hukohuko kwenu Pemba. Zama za siasa zilipofika kila upande ulidai uhuru wa wananchi, ila mwananchi ni nani? Hizbu walisema ni raia yeyote wa Sultani. Chama cha Afro-Shirazi, kilichoundwa 1957, kilimtanguliza Mwafrika.

Insha yako ianzie 1928, vyama viingie katikati. Na babu mwandike maneno yake angali hai.