Kumchelewesha tapeli wa simu: maswali yenu

SWALI: Shikamoo mhariri. Kila mara napokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Nimechoka kuufuta. Nataka nijifanye nimeingia mkenge, nimpotezee muda. Nianzeje nisije nikaumia mwenyewe?
Msomaji, Igoma

JIBU: Marahaba. Anza na laini. Tapeli akijaribu kukutumia hela, jina lako linamtokea kabla hajaweka namba ya siri, kisha anaghairi. Kwa hiyo mjibu kwa laini yako ambayo hujaifungulia huduma ya pesa, na WhatsApp yake isiwe na picha yako wala ya watoto. Mwandikie: "Ile simu imeisha chaji, hela niitume kwa jina gani?" Ujumbe ule amewatumia wengi, hakumbuki nani ni nani.

Salamu hazimpotezei muda. Muda unampotea pale anapoamini hela iko njiani, basi mweke hapo. Uko kwa wakala Mwaloni, floti imeisha, mnaisubiri. Baada ya nusu saa floti imekuja lakini namba haikubali. Mwandikie namba yake ukiwa umegeuza tarakimu mbili za mwisho, akusahihishe. Akishasahihisha, mwambie limetokea jina la mwanamke, na wewe ulidhani anayekuandikia ni mwenye nyumba wako, mwanaume. Hapo atatoka jasho, maana laini nyingi za matapeli zimesajiliwa kwa alama za vidole vya watu wasio na habari, naye itabidi atunge: mke wangu, shemeji, dada wa dukani. Muulize shemeji yupi. (Wewe pia piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, ipeleke kwa mtandao husika ifungwe.)

Wengi huharibu kwa kuporomosha matusi mapema. Tapeli anakata, anahamia kwa mwingine. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alieleza kwa nini baadhi ya ujumbe wa kitapeli ni wa kipuuzi waziwazi: werevu wajiondoe wenyewe, wabaki wanaoelekea kutoa. Kutuma ujumbe ni kazi ndogo, kazi kubwa inaanza mtu akijibu. Anayejibu asitoe kitu ndiye hasara. Novemba 2024 kampuni ya simu ya O2 ya Uingereza ilitengeneza hata bibi wa kompyuta, Daisy, wa kuwapigisha soga matapeli.

Akikuambia ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba na #, acha papo hapo: simu zako zitahamia kwake, pamoja na ile ya kukusomea namba ya kuthibitisha WhatsApp. Kama umeshabonyeza, ##002# inafuta. Usifungue kiungo, usipakue programu yake, usikubali kukutana naye hata stendi ya Nyegezi mchana kweupe. Na usimtungie ujumbe feki wa muamala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiulizi nani alianza.

Ukimchoka, tuma ujumbe wake pamoja na namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Bila hilo umejifurahisha tu, kesho anaendelea na laini ileile.

SWALI: Kuna mtu mtandaoni anauza injini ya boti, Yamaha ya farasi 15, bei chee, anataka advansi. Namshuku. Nimchezeeje?
Msomaji, Ukerewe

JIBU: Mpe kazi. Aipige picha bamba la namba ya injini, lililo kwenye kishikio kinachobana ubao wa boti, pembeni pakiwa na karatasi yenye neno utakalomchagulia wewe. Kisha aiwashe ndani ya pipa la maji, arekodi video akilitaja neno hilo. Muuzaji wa kweli anamaliza asubuhi moja. Tapeli atakuletea picha za kuokota, na kila moja una haki ya kuikataa: karatasi haionekani, namba ina ukungu, rudia. Uzuri wake, hata kama ulimshuku bure hujapoteza kitu.

SWALI: Mimi nimeshatuma. Nifanyeje?
Msomaji, Buzuruga

JIBU: Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, sasa hivi waizuie hela kabla haijatolewa kwa wakala, kisha polisi ukiwa na ujumbe wa muamala, usiufute. Michezo hiyo ya juu haikuhusu leo. Akitokea mtu wa kukurudishia hela kwa ada kidogo, huyo ni tapeli wa pili.