Nguzo zimefika, taa bado: kupanga fedha za umeme kwa mkulima wa Tabora

Mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge akisikia kwamba kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, anaona jambo limekwisha. Nguzo zinasimama, waya unapita juu ya mwembe wake, na mwaka unakatika bado watoto wanasomea tochi ya simu. Kilichokwama si ile 27,000. Ni gharama ya ndani ya nyumba, kuanzia mita ya LUKU (ya kulipia kabla) hadi kwenye taa, ambayo mwenye nyumba anaibeba mwenyewe na hakuna aliyemwambia mapema.

Kabla ya fedha, jua umeme uko wapi hasa. Tanzania Bara ina vijiji 12,318 lakini ina vitongoji 64,359. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) hupeleka umeme kwa awamu, na kijiji huhesabiwa kuwa na umeme waya unapofika shuleni, kwenye zahanati na barabara kuu, hata kama vitongoji vyake vitatu viko gizani. Kwa hiyo usiulize kama kijiji chenu kimo kwenye mradi. Uliza kama kitongoji chenu kimo, na laini itapita upande gani. Wakati wa kuuliza ni wakati wa upimaji, kabla vigingi havijapigwa ardhini. Mwenyekiti wa kitongoji aorodheshe kaya zilizo tayari, orodha ipite kwa mtendaji wa kijiji hadi ofisi ya wilaya ya TANESCO, shirika la umeme. Laini ikishajengwa, kuisogeza ni karibu haiwezekani, na nyumba iliyo zaidi ya mita 30 kutoka kwenye nguzo inaingia kwenye hesabu nyingine ya gharama.

Mkandarasi wa mradi huwa na idadi maalumu ya wateja wa awali anaotakiwa kuwaunganisha kabla ya kukabidhi kazi. Akishaondoka, unarudi kwenye foleni ya kawaida ya TANESCO, na hapo unasubiri mita na vifaa. Hii ndiyo sababu tunasisitiza wayaringi, yaani kutandaza waya ndani ya nyumba, iwe imekamilika mkandarasi akiwa bado yupo. Lakini pia usikimbilie kuifanya miaka miwili kabla ya nguzo: panya watatafuna waya, na kazi isiyokuwa na fundi mwenye leseni itakataliwa siku ya ukaguzi. Ukiona mashimo ya nguzo yanachimbwa, hapo ndipo mahali pa kuanzia.

Sasa vifaa. Nyumba ya vyumba viwili na sebule inatosheka na taa tano, moja ikiwa ya nje, na soketi tatu. Taa zipewe waya wa milimita za mraba 1.5, soketi waya wa 2.5. Fundi akisema 1.5 inatosha kila mahali, mkatalie, kwa sababu soketi ndiyo itakayobeba pasi na jiko la umeme. Kwenye mein swichi, breka ya taa iwe ya ampia 10 na ya soketi isizidi 20. Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni breka ya 32 kufungwa juu ya waya wa 1.5: mzigo ukizidi, waya unayeyuka ndani ya bomba kabla breka haijashtuka. Ongeza RCD, swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Inaonekana ni anasa, lakini ndiyo inayokata umeme mtoto anaposhika waya uliochubuka.

Eathi, yaani fimbo na waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ndiyo sehemu inayoibiwa zaidi, kwa sababu haionekani. Tabora ina udongo wa kichanga sehemu nyingi, na kuanzia Juni hadi Oktoba unakauka kabisa. Fimbo iliyopigwa wakati wa masika ikapimwa vizuri, kiangazi inaweza kuwa haifanyi kazi. Ipige mahali penye unyevu wa mwaka mzima, karibu na maji ya bafuni yanapotokea, na iingie yote ardhini, mita 1.2 au zaidi. Kama udongo ni mkavu sana, weka fimbo mbili zilizoachana angalau urefu wa fimbo moja, uziunganishe kwa waya wa shaba. Simama pale wakati inapigwa. Wapo mafundi wanaokata fimbo nusu na kuuza kipande kilichobaki.

Waya huuzwa kwa roli, na nyumba ndogo mara nyingi haimalizi roli moja ya kila rangi. Mabaki hayo ni fedha iliyolala darini. Majirani watano au sita wakiungana, wakanunua kwa pamoja mjini na kumchukua mkandarasi mmoja mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, afanye nyumba zote kwa wiki moja, wanaokoa mabaki, nauli na sehemu ya ufundi. Mkataba uandikwe kwa karatasi moja: nyumba ngapi, taa ngapi, waya wa saizi gani, na theluthi ya malipo ibaki mpaka mita iwake. Mkandarasi mzuri hatakataa sharti hilo.

Kwa nyumba ya tembe, ya chumba kimoja, au kwa mtu ambaye fedha ya wayaringi haipo mwaka huu, kuna UMETA, yaani Umeme Tayari. Ni ubao mdogo uliokwisha fungwa breka, soketi, swichi na mahali pa taa. Unabandikwa ukutani na mita inaunganishwa moja kwa moja. Watu wanauona kama umeme wa maskini na kuukataa. Ni makosa. Uchukue sasa ukiwa kwenye wigo wa mradi, upate mita, kisha vyumba vingine uvifanyie wayaringi msimu ujao.

Maombi hufanyika kwa mfumo wa NIKONEKT wa TANESCO au ofisini, ukiwa na namba ya NIDA na simu. Utapewa namba ya malipo, nawe unalipa kwa benki au kwa simu na kubaki na risiti. Hakuna malipo ya mkononi, wala nguzo hauuziwi na mtu aliyevaa kofia ya plastiki. Vishoka, yaani mafundi bandia, huja hasa siku zile masoko ya tumbaku yanapolipa, kwa kuwa wanajua fedha ipo.

Na hapo ndipo mpango wa fedha unapoharibika kwa wengi. Mkulima wa tumbaku hulipwa kwa mkupuo katikati ya mwaka kupitia AMCOS, chama chake cha ushirika, baada ya mkopo wa pembejeo kukatwa. Mkopo wa pili wa kuweka umeme, wenye riba ya kila mwezi, unamkuta Januari akiwa hana kitu. Ushauri wetu ni kuigawa kazi mara mbili. Malipo ya soko yanunue vile visivyoweza kusubiri: mein swichi, breka, RCD, eathi, taa mbili na soketi moja. Mgao wa mwisho wa mwaka wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, umalizie vyumba vilivyobaki. Kama ni lazima kukopa, kopa ndani ya VICOBA chenu kwa kiasi ambacho hisa zako zinakifunika, na marejesho yaangukie mwezi wa mauzo. Kaya yenye asali, mpunga au kuku wa mayai ina nafasi kubwa zaidi, maana ina fedha ndogo za katikati ya mwaka.

Baada ya taa kuwaka huja suala la uniti, na hapa kuna jambo moja linalowaumiza wenye kipato cha msimu. Mteja mdogo wa nyumbani, daraja D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT, tozo ya REA na ya EWURA inakuwa 122. Uniti ya 76 na kuendelea ni 350 kabla ya kodi. Mtu akipokea fedha ya tumbaku akaamua kununua uniti za miezi sita kwa mara moja ili awe na amani, sehemu kubwa ya uniti hizo ataipata kwa bei ya juu, maana mfumo unahesabu manunuzi ya mwezi. Fedha hiyo iweke kwenye simu au kwenye akiba ya kikundi, ununue kila mwezi chini ya 75. Kumbuka pia kodi ya majengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa jengo la kawaida linalotozwa. Ukikaa miezi minne bila kununua, deni la miezi yote linakatwa siku unaporudi, nawe unadhani mita imekuibia.

Uniti 75 si kidogo. Taa tano za LED za wati 7 kwa saa tano kila siku hula kama uniti 5 kwa mwezi. Runinga ya wati 50 kwa saa tano, uniti 7 na nusu. Pasi ya wati 1,000, saa moja kwa wiki, uniti 4. Friji ndogo inayofanya kazi vizuri, karibu 30. Jiko la presha la umeme huivisha nusu kilo ya maharage kwa takriban nusu uniti, shilingi 61, na kwa mkoa unaopoteza miombo yake kwa mkaa hilo si jambo la kupuuza. Kinachowavusha watu uniti 75 ni wapangaji watano kwenye mita moja. Wakihamishiwa daraja T1, la matumizi ya kawaida, uniti inakuwa 292 kabla ya kodi, takriban 356 pamoja na kodi, na mpangaji mwenye taa mbili analipa karibu mara tatu ya jirani mwenye nyumba na friji. Mwenye nyumba za kupanga aombe mita zaidi ya moja.

Kitongoji ambacho laini haitafika karibuni kisikae kinasubiri. Taa nne za wati 4 kwa saa tano, simu nne na redio ndogo hutumia kama wati-saa 150 kwa siku. Kwa jua la Tabora, paneli ya wati 50 inatosha. Betri ya lithiamu ya volti 12 iwe na ampia-saa 24 au zaidi; ya asidi iwe 40, na iwe ya sola, si ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache. Ukiishusha chaji kila usiku inakufa upesi. Epuka pia inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) ya bei rahisi inayoachwa imewashwa mchana na usiku: ikila wati 7 tu yenyewe, kwa saa 24 imemaliza wati-saa 168, zaidi ya nyumba nzima. Tumia taa za volti 12 moja kwa moja. Paneli ielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe, na iwe mbali na mabani ya kukaushia tumbaku, kwa sababu masizi yake hayaondoki kwa mvua.

Ukinunua sola kwa kulipia kidogo kidogo kwa simu, piga hesabu ya jumla kabla ya kuweka kidole gumba. Kianzio cha 30,000 na 1,000 kwa siku kwa miaka miwili ni 760,000. Linganisha na bei taslimu ya vifaa vile vile dukani Tabora mjini. Uliza fundi wao wa karibu yuko kata gani, betri ina dhamana ya muda gani, siku usizolipa zinasogeza mkataba au zinageuka deni, na kama unaweza kulipa miezi mingi kwa mkupuo baada ya soko na ukapata punguzo. Mkataba ukimalizika kifaa kifunguliwe moja kwa moja, na jambo hilo liwe limeandikwa.